Benchi la Mlangoni

Mchungaji waliyemwita Fundi alikuwa na sababu yake ya kupenda kuchemsha maji, na sababu hiyo ilikuwa chini ya mguu wa kushoto, ndani ya soksi mbili.

Mara nne kwa mwaka wachungaji watatu wa Kanisa la Mennonite katika eneo lile walikutana kutawadhana miguu, siku nane kabla ya kila mmoja kuongoza meza ya Bwana kanisani kwake. Huko makanisani waumini nao wangetawadhana, wanaume upande wao na wanawake upande wao, lakini wachungaji walitangulia wao kwa wao. Walisema si adabu kumwelekeza mtu kwenye beseni ambalo wewe mwenyewe hujaliinamia. Waliketi kwenye viti vitatu, magoti yakielekeana. Kila mmoja alimwosha aliyekuwa kuliani kwake, akamfuta kwa taulo, wakasimama, wakakumbatiana, beseni likasogea kwa mwingine. Hakukuwa na makuu. Ikiisha walikunywa chai na kuchekana kucha.

Wenzake Fundi walikuwa wawili. Wa kwanza walimwita Kengele, kwa sababu ya sauti yake. Akisalimia mtu barabarani, aliye ndani ya nyumba ya tatu huitikia. Wa pili walimwita Mwalimu, ambaye kweli alifundisha shule ya msingi miaka tisa kabla ya kuitwa kwenye uchungaji, na ambaye mpaka leo akizungumza huonekana kama anayesubiri watu waandike. Fundi mwenyewe alikuwa seremala. Siku sita za juma alichonga milango na madirisha kwenye banda nyuma ya nyumba, na ya saba alihubiri. Wote watatu walilala chumba kimoja chuo cha Biblia, vitanda vitatu na dirisha moja, na miaka kumi na tisa iliyofuata waliendelea kuishi hivyo hivyo, isipokuwa vitanda vilikuwa mbali. Mtoto wa Kengele alipolazwa miezi miwili, wenzake walipokezana kuhubiri kwake. Macho ya Mwalimu yalipoanza kufifia na yeye akasema atamwachia Mungu, ni Fundi aliyemshika mkono na kumpeleka hospitali kama anayempeleka mtuhumiwa. "Mungu hakukuahidi kukusomea gazeti," alimwambia njiani. Mwalimu alirudi na miwani mizito na macho mawili yanayoona, na maneno yale huyarudia mpaka leo.

Basi miezi minne nyuma Fundi alikanyaga skrubu bandani kwake. Hakujua. Alitembea nayo ndani ya kiatu kutwa nzima, akaiona jioni alipovua, ikiwa imesimama kwenye soli na kuingia mguuni kama imepigiwa hapo kwa makusudi. Haikumuuma, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa na kisukari, aliambiwa miaka mitatu iliyopita. Vidonge alikuwa akivimeza anapovikumbuka. Na alikuwa na kaka mkubwa, dereva wa lori, aliyekuwa na ugonjwa huo huo. Kaka alikatwa vidole, kisha akakatwa chini ya goti, kisha juu ya goti, kisha wakamzika.

Kwa hiyo Fundi aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa kitambaa, akavaa soksi mbili, na hakumwambia mtu.

Kutawadhana kwa kwanza baada ya hapo kulikuwa rahisi kukwepa. Alisema, "Mimi nitashughulikia maji," akaganda jikoni na birika, na maji yalipochemka simu yake ikalia: kuna msiba. Msiba ulikuwa wa kweli, ingawa ungeweza kumsubiri nusu saa. Safari hii walikutana kwenye kanisa la Mwalimu, katika kile chumba cha nyuma chenye kabati la vitabu vya nyimbo. Fundi alifika mapema makusudi, akiwa na kiberiti mfukoni.

"Maji tayari," alisema Mwalimu, na kumwonyesha birika jipya la umeme kwa fahari ya mtu aliyelivumbua mwenyewe. "Dakika nne tu. Nimepima."

Fundi alibaki amesimama, mikono imemning'inia. Kengele alikuwa ameshavua viatu na kukunja suruali. Viti vitatu vilikuwa mahali pake. Simu haikulia. Fundi alitazama huku na huku, akaona benchi karibu na mlango, akaketi.

Alipoinua macho ndipo alipoona nyuso zao, na ndipo alipokumbuka ameketi wapi.

Benchi lile alilitengeneza yeye mwenyewe mwaka wa pili wa uchungaji wao, na desturi yake waliitengeneza watatu. Walikubaliana kwamba mtu akiwa na kinyongo na mwenzake asijifanye. Asioshe mguu wa mtu anayemchukia, asitoe wake uoshwe. Aketi kwenye benchi la mlangoni. Hatasema ni nani wala ni nini, na hakuna atakayemuuliza pale. Kazi ya kutafuta ni ya wale waliobaki kwenye viti. Wao ndio wajikague, wamfuate kwake mmoja mmoja kabla ya siku ya meza, waseme kosa lao. Akisamehe, beseni linaletwa hapo hapo, wanatawadhana, yamekwisha. Kwa miaka yote hiyo benchi lilikaliwa mara mbili tu. Siku nyingine zote lilibeba makoti.

"Sawa," alisema Kengele, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini. Akaanza kuvaa soksi.

"Jamani," alisema Fundi.

"Usiseme kitu, ndugu yangu," alisema Mwalimu. "Utaratibu ni utaratibu."

Chai ilinywewa bila mtu kutaja kucha.

Jumatatu saa nane mchana Mwalimu alifika bandani kwa baiskeli. Fundi alikuwa akiranda ubao wa mlango, maranda yamemjaa hadi vifundoni, harufu ya mbao ikichanganyika na ya dawa ya kuchua misuli aliyokuwa akijipaka siku hizi ili kuficha harufu nyingine.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwalimu. Angalia chini, misumari."

Mwalimu aliegemeza baiskeli, akafuta miwani, akaivaa, akaivua tena. "Nimekuja kwa ajili ya Jumamosi."

"Mwalimu, ile ya Jumamosi wala siyo..."

"Niache nimalize, nikikatizwa nitasahau mpangilio. Daftari lako la kijani."

"Daftari gani?"

"La mahubiri. Ulilisahau kwangu mwaka ule mvua ilipobomoa daraja. Ukauliza, nikasema sijaliona. Nililiona. Lilikuwa chini ya mto wangu. Nimelihubiri."

"Umelihubiri vipi?"

"Kama langu. Mahubiri kumi na moja."

Fundi aliweka randa chini. "Pamoja na lile la mjane na chupa ya mafuta?"

"Hilo mara mbili."

"Watu walilipokeaje?"

"Kwa machozi, kusema kweli. Mzee mmoja alitubu."

"Mbona kwangu walisinzia?"

"Ni usomaji, ndugu yangu. Wewe unakimbilia mwisho kama mtu anayefukuzwa. Pale mjane anapofunga mlango unatakiwa unyamaze. Hesabu mpaka tano. Waache waone giza la mle ndani, halafu ndipo..." Mwalimu alikumbuka kwamba amekuja kuomba radhi, akafunga mdomo.

Fundi akacheka. Alicheka mpaka akashika meza ya kazi, kicheko cha kwanza baada ya majuma mengi, na Mwalimu naye akaanza, mabega yakimtikisika bila sauti. Walipotulia Fundi alisema amemsamehe, na alimaanisha. Alisema kama daftari limefanya watu walie na mzee mmoja atubu, basi limefika mahali pake.

"Lete beseni basi," alisema Mwalimu, akiinama kufungua kamba za viatu.

"Mwalimu, saa hizi? Nina mlango wa mtu hapa, gundi inakauka."

"Dakika kumi."

"Tutaoshana. Siku nyingine tutaoshana. Nimeshasema yamekwisha."

Mwalimu alibaki ameinama kidogo, kidole kwenye kamba. Kisha akaifunga tena, akachukua baiskeli yake. Mlangoni aligeuka. "Ni mimi peke yangu, au kuna lingine?"

"Hakuna lingine."

Mwalimu alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliosema daftari limeliwa na mbuzi. Alipanda baiskeli, na badala ya kushika njia ya kwake akashika ya kwa Kengele.

Fundi alifunga mlango wa banda. Aliketi kwenye kigoda, akavua kiatu, akatoa mfukoni kioo kidogo cha mke wake, kile anachotumia kupaka wanja, akakielekeza chini ya unyayo. Kidonda kilikuwa kimefika ukubwa wa kizibo cha soda. Kingo zilikuwa nyeupe na ndani kulikuwa na rangi ambayo hakutaka kuipa jina. Kidole cha pili na cha tatu vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Jana vilikuwa vya zambarau, na jana alijiambia zambarau siyo mbaya sana.

Baada ya Jumapili, alijiambia. Ataongoza meza, kisha Jumatatu ataenda. Mwezi uliopita alisema baada ya darasa la ubatizo, na kabla ya hapo alisema baada ya milango ya shule. Alikuwa amewapeleka hospitali watu wengi katika maisha yake, wengine kwa maneno matamu na wengine kwa kuwaburuta, na kwa kila mmoja alikuwa na jibu la kila kisingizio. Majibu yale aliyajua yote. Ndiyo maana hakumwambia mtu anayeweza kumrudishia.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Chumba cha kushonea kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa sebule, na mashine yake ilikuwa saa ya nyumba ile. Ikinyamaza, watu huuliza kuna nini. Siku zile alilalamika mara mbili tatu kwamba mumewe ananuka kama wodi, na kwamba mwanamume anayelala na soksi wakati wa joto anazeeka vibaya. "Miguu inapata baridi," alijibu Fundi, na mkewe akamwachia.

Jumatano alasiri Kengele alikuja. Alikuja na beseni lake mwenyewe, la plastiki, la buluu, na taulo begani.

"Shemeji!" alisema mlangoni, na kuku wa jirani wakatawanyika.

"Karibu, shemeji. Leo umekuja kufua?"

"Nimekuja kufuliwa."

Mke wa Fundi alitazama beseni, akamtazama mumewe, akajua ni mambo ya kanisa. Alileta maji ya moto kwenye jagi, akayapunguza ukali kwa ya baridi, akajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto, akaliweka sakafuni na kurudi kwenye mashine yake. Ilianza kulia upya ng'ambo ya ukuta.

Kengele hakuketi. Alisimama katikati ya sebule ndogo, kichwa karibu na taa.

"Mwalimu kaniambia ulimsamehe na beseni ukalikataa. Kwa hiyo nikajua siyo Mwalimu."

"Kengele, sikiliza kwanza."

"Nisikilize mimi. Nimekaa nalo miaka kumi na minne, nisipolisema sasa nitalirudisha nyumbani." Alishusha taulo begani, akalikunja, akalikunjua. "Ule mwaka kamati ilipotafuta mchungaji wa kanisa kuu la mjini. Jina lako lilikuwa la kwanza. Wewe uliambiwa nini?"

"Kwamba hawana nyumba ya kumweka mtu mwenye familia."

"Nyumba walikuwa nayo. Ina vyumba vinne. Walikuja kwangu. Wakaniuliza, wewe umelala naye chumba kimoja, ni mtu wa namna gani? Nikasema ni mtu mwema, hana makuu, anapenda watu. Halafu nikasema, lakini ni mzito. Watu wa mjini watamchoka."

"Ulisema mzito."

"Nilisema mzito."

"Nao wakasemaje?"

"Hawakusema kitu. Waliandika."

Fundi aliketi kwenye kochi. Aliikumbuka barua. Aliikumbuka Jumapili iliyofuata, alipohubiri juu ya kuridhika na fungu ulilopewa. Aliandika hubiri lile kwenye daftari la kijani, na kumbe hata hilo Mwalimu amelihubiri. Aliikumbuka barabara ya mjini ambayo mke wake aliitaja kwa mwaka mzima, yenye maduka ya vitambaa pande zote mbili, ambako alikuwa ameshachagua kwa macho kibanda cha kukodi. Binti yao angesoma shule ya kutwa. Alisoma bweni, akarudi kila likizo akiwa mgeni kidogo zaidi.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Sijui vizuri. Wivu ulikuwepo. Mimi nilikuwa na sauti, wewe ndiye uliyeitwa." Kengele alitazama taulo. "Na nikaona ukienda mjini nitabaki na Mwalimu peke yangu. Mwalimu nampenda, lakini unajua mwenyewe. Nilitaka ubaki. Vyote viwili vilikuwepo, sijui kipi kilitangulia."

Mashine ya cherehani ilikuwa imenyamaza.

Kengele alipiga magoti. Alikuwa mtu mkubwa na magoti yalilia. Akasogeza beseni, akamimina maji. "Kama hujanisamehe, sema. Nitachukua beseni langu niondoke, nirudi kesho. Nikikuta bado, nirudi keshokutwa. Lakini kama umenisamehe, nipe mguu."

Fundi alitazama maji. Yalikuwa yakitoa mvuke kidogo. Moyoni mwake kulikuwa na hasira, mpya kabisa, bado ina joto, na pembeni yake aliona jambo jingine likimsogelea taratibu: kwamba sasa alikuwa na ruhusa. Kinyongo walichodhani anacho, alikuwa nacho. Angeweza kusema neno moja tu, bado, na lingekuwa kweli. Kengele angebeba beseni lake akaenda. Jumapili ingefika, Jumatatu ingefika, na hakuna mtu ambaye angemwomba tena avue soksi. Kosa la rafiki yake lingemtosha kama soksi ya tatu.

Alipiga hesabu hiyo yote, na ikatoka sawasawa, na akajionea haya.

"Inuka," alisema.

"Siinuki."

"Kengele, inuka. Sikuketi kwenye benchi kwa sababu yako. Hayo unayoniambia sikuyajua mpaka sasa hivi."

Kengele alibaki na mkono ndani ya maji. "Hukujua?"

"Ningejuaje?"

"Mwalimu kasema ulikataa beseni!"

"Nililikataa beseni. Mwalimu sikumkataa."

Kengele alifikiri. Uso wake ulipita hatua kadhaa. "Kwa hiyo nimejichongea mwenyewe."

"Umejichongea. Na umechonga vizuri."

"Sasa benchini uliketi kwa ajili ya nani?"

Fundi alivua kiatu cha kushoto. Akavua soksi ya juu. Ya chini ilikuwa imeshika. Akachovya ncha ya taulo kwenye maji, akailainisha, akaivuta polepole kama mtu anayebandua karatasi kwenye kioo. Kisha akainua mguu, akauweka juu ya goti la pili, unyayo nje.

Sauti ya Kengele haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Alipozungumza, Fundi alilazimika kuinama kusikia.

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Unauma?"

"Hauumi. Ndiyo shida."

"Shemeji anajua?"

"Ndiyo najua sasa," alisema mke wa Fundi. Alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni, pini tatu midomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. "Baridi," alimwambia mumewe. "Uliniambia ni baridi." Aliingia chumbani, na walisikia sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda.

Kengele alisimama, akachukua beseni, akatoka nalo, akayamwaga maji nje. Alirudi mikono mitupu. "Huo siwezi kuosha mimi. Twende."

"Jumatatu. Niongoze meza kwanza."

"Meza itaongozwa."

"Na nani? Wewe una kwako."

"Nitaongoza ya kwangu asubuhi na ya kwako mchana. Mwalimu atahubiri. Mahubiri unayo, tena anayo yeye." Alitoa simu, akaanza kutafuta mtu mwenye gari. "Mungu hakukuahidi kukutembeza, bwana. Unakumbuka maneno ya nani hayo?"

"Kaka yangu walianzia vidole," alisema Fundi.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, akitazama sakafu. Kengele aliacha simu.

"Kaka yako alikwenda na nani?"

"Peke yake. Alijiendesha na lori lake."

"Basi," alisema Kengele, na akarudi kwenye simu.

Walikwenda wanne, maana Mwalimu, naye akiwa amepigiwa simu, alikuwa amefika kabla gari halijafika, akiwa na faili lenye vyeti vyake vya macho, ili waone kwamba anaijua hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mwenye maneno machache. Aliutazama mguu, akauliza miezi mingapi, akaambiwa, akawatazama wachungaji wote watatu kama waliokula njama. Alisema wangechelewa juma moja zaidi wangekuwa wanazungumzia mguu. Sasa walikuwa wanazungumzia vidole viwili. Alivikata kesho yake.

Jumapili meza ya Bwana iliongozwa kwa saa zilizopangwa. Kanisani kwa Fundi Mwalimu alihubiri juu ya mjane na chupa ya mafuta. Mjane alipofunga mlango, Mwalimu alinyamaza, akahesabu mpaka tano. Bibi wawili wa kiti cha mbele walitazamana. "Hili ni la baba mchungaji," mmoja alimwambia mke wa Fundi baadaye, alipokwenda kumjulia hali mgonjwa. "Ila leo limesomwa kwa herufi kubwa."

Hospitalini Fundi alikaa siku kumi na tisa. Mke wake alikuja na cherehani ya mkono, akaiweka kwenye kimeza cha dawa mpaka nesi akamwambia aiondoe, akaiondoa, akairudisha. Kwa siku tatu za kwanza alizungumza na mumewe kuhusu dawa tu. Ya nne alimuuliza kama angekufa angemwandikia barua au angemwachia soksi. Fundi alisema angekosea yote mawili. Basi wakaanza kuzungumza.

Kengele alikuja kila alasiri. Alileta habari za wagonjwa wa kanisa, nani amejifungua, nani amehama, nani amerudi. Hakuuliza kama amesamehewa. Siku nyingine Fundi aligeukia ukutani na kujifanya amelala, na Kengele alikaa hivyo hivyo kwenye kiti, akanong'oneza nyimbo, ambazo kwa sababu ya sauti yake zilisikika wodi nzima, mpaka mgonjwa wa kitanda cha tano akawa anamwagiza anazozitaka.

Siku ya kumi na mbili Fundi alizungumza akitazama dari.

"Mzito."

Kengele aliacha wimbo.

"Ungeweza kusema mtaratibu," alisema Fundi.

"Ningeweza."

"Au mpole."

"Au mpole. Mpole lingetosha."

"Ungewaambia mpole, leo mke wangu ana duka."

Kengele alikaa mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia, na kesho yake akarudi saa ile ile, na keshokutwa.

Miezi mitatu baadaye walikutana tena kwenye kile chumba chenye kabati la vitabu vya nyimbo. Birika la umeme lilichemka kwa dakika nne, Mwalimu alipima. Fundi aliingia na gongo alilojichongea mwenyewe, jepesi, limepigwa msasa mpaka linateleza. Kwenye benchi la mlangoni kulikuwa na makoti mawili. Alisimama hapo kidogo. Akavua la kwake, akaliweka juu ya hayo mengine, akaenda kwenye kiti cha tatu.

Mwalimu alimwosha Kengele. Kisha beseni likasogea, na Kengele akapiga magoti mbele ya Fundi, magoti yakalia kama kawaida. Fundi alikuwa amevua kiatu cha kulia tu. Wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe, umepumzishwa juu ya kigoda.

"Na huu?" aliuliza Kengele.

"Daktari kasema bado. Usiguse maji."

Kengele alitikisa kichwa. Alichukua mguu wa kulia kwa mikono miwili, akaushikilia juu ya beseni, hakuushusha.

"Sikuulizii mguu," alisema.

"Najua unachoniulizia." Fundi alikitazama kichwa chake, mvi zilizoanza kutokea utosini, ambazo kutoka juu hakuwahi kuziona vizuri. Alitafuta neno lililo kweli, ikamchukua muda. "Kinyongo ninacho bado. Kimebaki kidogo, lakini bado. Wewe osha huo uliopewa."

Kengele akaushusha mguu majini. Aliosha kisigino, akaosha kati ya vidole kimoja baada ya kingine, vyote vitano, bila haraka yoyote, mpaka Mwalimu akasema maji yanapoa.